Lipu Mpya ya Mzee Hudhaili

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Dijla, aliishi mzee mchamungu aitwaye Hudhaili. Hakuwa na mali ila nyumba moja ya ghorofa aliyokuwa akiipangisha. Alinuia kuiuza apate kuhiji kabla nguvu hazijamwishia, na msafara ulikuwa karibu kuondoka. Basi akaipiga lipu upya, ikang'aa, akafurahi kwamba atakayenunua atapata kitu safi. Wallahi hakuwa na nia mbaya hata chembe!

Akaja Bibi Rababu, mjane mwenye mayatima, na urithi alioachiwa na mumewe. Alitaka nyumba ya kupangisha ili kodi yake iwalishe wanawe. Jamani, alipoingia moyo ulimruka! Akapima vyumba kwa miguu yake, akaulizia kisima, akaulizia soko liko umbali gani.

"Vyumba vya chini nitawapa wenye watoto," akasema, "maana ngazi zinawasumbua. Na ukuta huu, mashallah, mkavu kama mkate wa jana!"

Hapo Hudhaili akashtuka. Kumbe lipu yake imeifunika alama ya maji! Dijla ilipofurika, maji yaliingia vyumba vya chini mpaka kifuani mwa mtu. Wapangaji wa zamani waliijua alama ile, na kila msimu wa mafuriko wakahamia juu. Sasa mgeni atajuaje?

Dalali aliyemleta bibi akamvuta mzee pembeni. "Sheikh, nyamaza! Kwani amekuuliza habari za mto? Pesa yenyewe ni ya kwendea Makka, huendi nayo ulevini!"

"Nitaitikaje wito wa Mola wangu," akasema mzee, "na huku nyuma nimewalaza watoto wa watu majini?"

Akashika jembe. Puu! Puu! Lipu ikaporomoka, na alama ikajitokeza, nyeusi, usawa wa kifua. Dalali akashika kichwa kwa mikono miwili.

Bibi Rababu akaukodolea macho ukuta, mzee akimweleza habari za mafuriko. Kisha akaanza kuwaza upya. Chini hapakaliki msimu wa mafuriko, na kodi ya miezi hiyo aihesabu imepotea. Lakini ghorofa ni imara, soko liko karibu, na wakati wa kiangazi vyumba vya chini vyafaa kuwa ghala.

"Nainunua, baba," akasema, "ila si kwa bei ile. Nina mayatima."

"Ni haki yako, binti yangu," akajibu Hudhaili, akapokea kiasi kisichotosha safari. Siku msafara ulipoondoka aliwasindikiza wenzake mpaka lango la mji, akarudi akilia. Tusimfanye malaika, ndugu zangu, ilimuuma sana.

Haya, sikilizeni sasa! Msimu ule ule Dijla ikafurika, mtaa mzima ukawa maji. Hudhaili akaenda mbio, maji yakimpiga mapajani kisha kifuani, mpaka penye nyumba ile. Akachungulia vyumba vya chini: maji yameifikia alama, na humo hamna mtu! Mara akasikia juu kilio cha mtoto mchanga. Loo, kilio kitamu kilioje! Bibi Rababu akatoa kichwa dirishani, huku anacheka na kulia.

"Sote wazima, baba! Mke wa mpangaji amejifungua, na sote tuko juu!"

Mzee akainua mikono pale pale majini, akapaza sauti kwa itikio la mahujaji: "Labbayka Allahumma labbayka!" Waliopita wakadhani amerukwa na akili.

Enyi waumini, nunueni nyumba, pangisheni, tafuteni riziki kwa furaha, hakuna aliyeiharamisha. Pimeni faida na hasara, kwani bibi yule alizipima barabara. Lakini alizipima kwa sababu mtu mmoja alikubali kumwonyesha ukuta. Kama Mola alimwandikia mzee yule ujira wa hija, Yeye ndiye mjuzi. Tulichosikia ni kwamba Bibi Rababu hakuupiga lipu ukuta ule tena maishani mwake. Kila mpangaji alionyeshwa alama kwanza, ndipo akakabidhiwa ufunguo.