Mbolea Iliyofichwa Vizuri

Mahindi ya mjane Sekela yaligeuka manjano kwa kukosa mbolea, lakini Kibona, wakala wa mbolea ya ruzuku, kila siku alimjibu, "Mfumo haufanyi kazi, mama." Nyuma yake mifuko ishirini ilifunikwa turubai, ikimngoja mlanguzi.

Asubuhi moja Sekela alifika akitweta. "Gari la wakaguzi liko darajani!"

Kibona akalivuta turubai. "Mama, nifichie mifuko hii pasipoonekana kabisa!"

"Haya, baba. Mkokoteni wangu uko nje."

Wakaguzi hawakutokea. Wiki iliyofuata Kibona akaifuata mifuko yake.

"Mimi na majirani tumeificha vizuri," Sekela alisema. "Iko chini ya kila shina la mahindi kijijini."

"Nitakushtaki!"

"Kashtaki, baba. Safari hii wakaguzi watakuja kweli."