Roho ya Buruhani Ilipokuwa Njiani

Wasimulizi wa Shamharani, nchi iliyokuwa pana hata msafiri akitoka na mtoto mgongoni alifika naye akitembea, wanasema kwamba zamani alitawala Sultani Ghalibu katika mji wa Marjani. Na binti yake Munira alimpenda Buruhani, fundi wa matandiko ya ngamia, na Sultani hakupendezwa hata kidogo. Akampeleka fundi huyo mpakani, mwisho wa nchi, akashone matandiko ya misafara, na akamwahidi kwamba akirejea kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Shaabani atamwoza Munira, na akichelewa bibi harusi ni wa mwana wa waziri.

Buruhani alipotia mshono wa mwisho zilibaki siku tisa. Akakimbilia kwa Bi Salha, mkuu wa safari za mpakani, naye akamweleza kwa utulivu njia zilizokuwapo: ngamia siku arubaini, na usingizi mtamu juu yake, machela siku sitini, wapagazi wakiimba, chelezo cha mtoni siku thelathini, mto ukiwa na hali nzuri. Na lilikuwapo jini Harjafu, lililofungwa kwa pete kuwatumikia wasafiri, ambalo hufika kufumba na kufumbua.

"Ila fahamu, mwanangu," alisema Bi Salha, "Harjafu hubeba mwili tu. Roho huja nyuma kwa mwendo wa ngamia."

Buruhani hakuwa na la kuchagua. Akafumba macho mpakani, akafumbua langoni mwa Marjani.

Sasa, watu wa Marjani wana ada yao. Mgeni aliyetoka mbali hukalishwa kwenye jamvi la langoni, akapewa maziwa, na haingii mjini mpaka roho yake iwasili. Kadhi akamtazama Buruhani machoni, akasema atakaa siku arubaini, na kwamba yeye hamwozeshi mtu ambaye roho yake iko safarini. Munira akaja mbio, na Buruhani akamwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mke wa jirani. Alijua jina lake. Alijua alimpenda. Lakini hakuona chochote kifuani, na Munira akalia mbele ya watu wote bila kuona haya.

Siku nane alikaa hapo, akitazama mawingu yanavyopita juu ya ukuta, na kila siku Munira akamletea maziwa yeye mwenyewe. Ijumaa ilipofika, na mwana wa waziri amekwisha kuvaa joho, Munira alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Ewe baba yangu, Mungu akuzidishie umri," akasema, "ulimwahidi kwamba akirejea kwa wakati utaniozesha, naye amerejea. Roho yake leo imefika kisima cha tisa kutoka mpakani, kisima kimoja kwa siku. Na mimi nawaletea maziwa wageni, nacheka nikichekeshwa, lakini roho yangu haimo humu tangu ulipomwondoa. Ilimfuata. Tupeleke kwenye kisima hicho, na kadhi pamoja nasi."

Sultani alimkumbuka binti yake wa zamani, yule mwenye kelele, na akaona aibu. Akapiga makofi kuliita jini Harjafu.

Wakatua penye kisima cha tisa, chini ya mbingu nyeupe, na hapakuwa na mtu, ila ngamia wachache wakinywa maji. Kisha Buruhani akashika kifua, akageuka, akamwona Munira.

"Umekonda," akamwambia. Na Munira akacheka kwa sauti kubwa hata ngamia waliokuwa wakinywa wakainua shingo.

Kadhi aliwaozesha palepale, akinung'unika kwamba roho yake mwenyewe imebaki Marjani kwenye pilau. Sultani akawapa milki ya vituo vyote vya wasafiri, naye akarudi Marjani pamoja na kadhi, wakibebwa na jini. Maharusi wakakataa kubebwa. Walipanda ngamia mmoja, wakasafiri siku thelathini na moja kwenda Marjani, nao waliosikia habari yao wakajifunza kumsubiri anayefika haraka.