Kimya cha Ubeti wa Tatu

Wanakwaya, leo shikilieni mabenchi yenu, maana mawe yanakuja upande huo. Msiogope, nimeyafunga kwa pamba.

Palikuwa na binti mmoja mpiga kinanda. Tumpe jina, maana binti asiye na jina mtamsahau kabla sadaka haijapita. Tumwite Rainfrida. Rainfrida alipenda kinanda kuliko chakula, na kinanda chenyewe kilikuwa kizee cha kukanyaga kwa miguu, kinakohoa kwanza ndipo kiimbe, kama katekista mstaafu. Lakini vidole vyake vikikigusa, hata wale wa benchi la nyuma, wanaokuja kanisani kumalizia usingizi walioanza nyumbani, walifumbua macho. Mnajijua.

Sasa jimbo lao lilikuwa na utaratibu wake: mpiga kinanda wa parokia sharti afaulu mtihani. Unapangiwa wimbo, unaupiga mbele ya watahini, kisha unaulizwa habari za mtunzi. Mwaka uliotangulia Rainfrida alipiga mpaka watahini wakatikisa vichwa kwa raha. Wakamuuliza, "Mtunzi ni nani?" Akajibu bila kupepesa, "Mtunzi hajulikani." Jina la mtunzi lilikuwa palepale juu ya karatasi, pembe ya kulia, chini ya dole gumba lake.

Wakamwambia arudi mwakani, yeye na dole gumba lake.

Halmashauri ya parokia nayo ikamwita. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Binti yetu, tunakupenda. Lakini ukianguka tena, nafasi yako tunampa yule kijana mwenye kinanda cha umeme." Kijana yule kila wimbo kwake una ngoma ndani. Pasaka, ngoma. Ijumaa Kuu, ngoma. Kuna mazishi aliyapiga, wabeba jeneza wakajikuta wanakwenda mwendo wa harusi.

Basi mwaka huo Rainfrida akapangiwa wimbo wa matoleo, ule ambao waamini huubebea vikapu kwenda altareni. Jimbo zima linauimba. Mtunzi: Mwalimu Otmar. Nani huyo? Hakuna ajuaye. Akamtafuta mtandaoni, na mtandao, unaojua mpaka mcheza mpira wa Ulaya amekunywa chai na nini, ukamletea bei ya mbolea.

Na wimbo huo ulikuwa na mwiba. Ubeti wa tatu ukiisha, kabla ya ule wa mwisho, karatasi ilionyesha kimya. Mapigo manne, hakuna sauti, na juu yake neno moja: *Subiri*. Rainfrida alikuwa ameimba wimbo huo tangu utotoni na hajawahi kukisikia kimya hicho hata siku moja.

"Hapo ruka," mwalimu wa kwaya alimwambia. "Ni kosa la mnakili."

"Mwalimu, mnakili akosee mpaka neno zima?"

"Binti, umewahi kuona kwaya ikinyamaza? Wape hawa wazee wa sauti ya nne mapigo manne uone. Mmoja atakohoa, mmoja ataingia peke yake, mmoja ataanza kumsalimia mwenzake. Ruka!"

Lakini mtahini hatauliza kuhusu pale wanaporuka wote? Atauliza! Rainfrida akaanza kubisha hodi. Mzee wa sauti ya nne akamwambia kimya hicho ni Utatu Mtakatifu.

"Mbona mapigo ni manne, babu?"

"La nne ni Mama Maria. Andika."

Frateri mmoja, anayesomea upadre, akamwambia ni kaburi la Bwana, akamweleza kaburi hilo mpaka ugali ukapoa. Mama mmoja wa sauti ya pili akamaliza kazi kabisa: "Mwanangu, watu wanakuza mambo. Aliishiwa wino."

Mwishowe akasikia kwamba mtunzi ameshafariki, ila mjane wake yupo, kule milimani Umatengo. Akapanda pikipiki mpaka pikipiki ikakataa mlima, akamalizia kwa miguu. Akamkuta bibi kizee, Osmunda kwa jina, ameketi uani anachambua kahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Usinikalie kahawa."

Akaeleza shida yake. Alipofika kwenye kimya, bibi aliacha kuchambua, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Utatu! Kaburi! Wamemfanya mume wangu askofu! Mjukuu wangu, kimya hicho ni mguu wangu." Akavuta khanga kidogo. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi, umepinda toka utotoni. "Nilikuwa nabeba kikapu cha maharage kwenye matoleo. Wenzangu wanafika altareni wanarudi, mimi bado nipo katikati ya kanisa, wimbo umekwisha, watu wote wananitazama mgongo. Nikamwambia mume wangu, mimi sipeleki tena, naona haya. Jumapili iliyofuata kaleta wimbo huu. Wameimba beti tatu, akainua mkono, kwaya kimya. Mimi natembea. Hakuna anayenitazama kama mtu aliyechelewa, maana wimbo wenyewe haujaisha. Nimeweka kikapu, ndipo akashusha mkono. Ubeti wa mwisho nimeuimba nikiwa palepale mbele."

Rainfrida akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akakumbuka mtihani. "Kwa hiyo, bibi, alikuwa anasubiri mapigo manne?"

"Hayo ya mapigo siyajui mimi. Siku za mvua mguu ulikuwa mzito."

"Na siku hizi huko kanisani kwenu?"

Bibi akarudi kwenye kahawa yake. "Siku hizi wanaruka. Siendi tena mbele. Natuma."

Ndugu zangu, Rainfrida alishuka mlima ule akiwa na mtunzi mzima mkononi! Siku ya mtihani alipiga, akanyamaza pale pa kunyamaza, akasimulia habari za kikapu na mguu, mpaka sista mmoja kati ya watahini akatafuta leso. Mtahini mkuu, padre wa miwani minene ambaye hakuwahi kuonekana akitabasamu kabla ya chakula, akamuuliza swali la mwisho: "Na kimya hicho kina mapigo mangapi?"

"Manne, Baba."

"Barabara!"

Akafaulu. Tena kwa kishindo! Kijana wa ngoma akafungasha nyaya zake. Rainfrida akarudi parokiani, akaifundisha kwaya wimbo ule upya. Wazee wa sauti ya nne wakafundishwa kunyamaza, na hiyo peke yake ingetosha kupelekwa Roma ichunguzwe kama muujiza.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa. Wimbo ukaanza, watu wakainuka na vikapu, kuku, mikungu ya ndizi. Beti tatu zikaimbwa. Kimya. Moja, mbili, tatu, nne, hata nzi hakupiga bawa. Kwaya nzima ikaingia kwenye ubeti wa mwisho kama mtu mmoja. Mwalimu wa kwaya akafumba macho kwa utamu.

Rainfrida naye alikuwa anatabasamu. Akainua uso kutazama kanisa linavyopendeza.

Katikati ya kanisa alikuwa bado njiani mzee mmoja wa parokia yao, ambaye kiharusi kilimpiga upande mmoja. Alikuwa amekumbatia boga kwa mkono uliobaki mzima. Mguu mmoja unakwenda, mwingine unaburutwa. Wimbo ulipokuwa unakimbilia mwisho, mhudumu mmoja, mtu mwema kabisa, alimwendea akanyoosha mikono: "Lete, mzee, tukusaidie." Kama kila Jumapili. Kila Jumapili, ndugu zangu! Boga la mzee hufika altareni, na mzee hugeuzwa palepale katikati, akarudishwa bencheni. Rainfrida alikuwa ameyasikia maboga hayo yakitua miaka yote, na hakuwahi kujiuliza mwenyewe yuko wapi.

Maana amekwenda mpaka Umatengo kuutafuta mguu wa Osmunda, na mguu huu uko hatua chache kutoka kwenye kinanda chake.

Akaondoa mikono. Kinanda kikakata katikati ya neno. Sauti ya kwanza ikapepesuka, ya tatu ikaanguka, mzee mmoja wa sauti ya nne akaendelea peke yake mpaka alipokanyagwa. Mwalimu wa kwaya akamgeukia, mishipa ya shingo imemtoka.

"Unafanya nini, wewe? Mapigo manne yamekwisha!"

"Bado hajafika, Mwalimu."

"Nani?"

Rainfrida akaonyesha kwa kidevu. Mwalimu akageuka. Kanisa lote likageuka. Mhudumu mwema akabaki na mikono hewani, kisha akairudisha taratibu, akasogea pembeni. Mzee akatazama kulia na kushoto, kama mtu aliyefumaniwa. Akalikaza boga kifuani. Akavuta mguu.

Mapigo mangapi? Msiniulize. Watoto walilia wakabembelezwa wakanyamaza. Ndizi zilikaribia kuiva. Mzee alifika, akainama kwa shida, akaliweka boga lake mwenyewe. Ndipo Rainfrida akarudisha vidole, na ubeti wa mwisho mzee aliuimba amesimama pale mbele, kwa nusu ya mdomo, kwa sauti ya mtu mzima kamili.

Sasa ninyi mnaocheka, turudi kwetu. Tusimseme Rainfrida, binti yule alitafuta kwa moyo. Sisi je? Sisi ni watu wa mapigo manne! Swali la jirani yako ni nani tunalijibu barabara, tena tukiwa tumefumba macho kwa utamu. Mgonjwa tunamtembelea, tukatazama saa, moja mbili tatu nne, "Haya mama, ugua pole," tumeondoka. Mjane tunampokelea kikapu chake, yeye tunamrudisha bencheni, na tunaita msaada. Tumeshika sheria yote, na mtu tumemwacha katikati ya kanisa.

Unadhani Mungu amekuhesabia mapigo mangapi wewe? Wewe uliyekuja na mguu wa kuburuta na kaboga kadogo? Angeruka, ungekuwa wapi leo?

Sasa ni wakati wa matoleo. Leo hatuanzi na benchi la mbele. Bibi yetu wa magongo, kule mwisho karibu na mlango, ndiyo, wewe mama, usiangalie nyuma, nyuma yako ni ukuta. Inuka taratibu. Vijana, msimpokee kitu. Na wewe mpiga kinanda wetu, mikono juu ya magoti.

Tunakusubiri, mama.