Nati Iliyofungwa kwa Waya

Mkulima mmoja wa tangawizi katika milima ya Upare alikuwa na pikapu kuukuu, na mke aliyejua kuiendesha. Jina la mkulima huyo lilikuwa Eliakunda. Macho yake hayakuona mbali, kwa hiyo mkewe Namsifu ndiye aliyeshika usukani, na yeye akawa fundi wa nyumbani. Aliionea fahari kazi hiyo. Alipenda kusema mbele za watu kwamba gari lake halijawahi kulala gereji.

Ikatokea beringi ya gurudumu la mbele ikaanza kuvuma. Jumamosi asubuhi Eliakunda aliliinua gari kwa jeki uani, akatoa gurudumu. Ili aifikie beringi ilimpasa kwanza kutenganisha tairodi, ule mkono wa chuma unaolifanya gurudumu lifuate usukani. Pini ya mkono huo huingia katika tundu la chuma, na nati huibana kwa upande wa pili. Nati ilitoka. Pini haikutoka. Miaka ya matope na kutu ilikuwa imeigandisha humo ndani.

Aliimwagia mafuta, akasubiri. Akaivuta kwa mtaimbo. Haikutikisika. Na Jumatatu haikuwa mbali. Nakundwa, mke wa jirani yao, alikuwa na mimba iliyolala vibaya, na daktari wa huko bondeni alikuwa amempangia siku ya kupasuliwa. Namsifu alikwisha kuahidi kumpeleka.

Kabla ya saa sita akapita Mbwambo, fundi wa magari wa pale njia panda. Alichutama, akatazama. "Usiipige pini, kaka," alisema. "Irudishie nati kidogo ilinde ncha. Halafu tukipige ubavuni kile chuma chenye tundu, nyundo mbili kwa mara moja, wewe huku, mimi huku. Kitaiachia chenyewe."

"Ahsante, najua," alisema Eliakunda, wala hakuinua kichwa.

Hakujua. Lakini hakutaka isemwe njia panda kwamba Mbwambo ndiye aliyemkwamua. Fundi alipokwisha kwenda, alichukua nyundo kubwa akaipiga pini kwenye ncha yake, akaipiga tena, mpaka mikono ikafa ganzi. Saa tisa pini ikachomoka. Alicheka peke yake kwa furaha, akaweka beringi mpya, akaunganisha mkono, akashika nati. Nati ikakataa. Ncha ya pini ilikuwa imebondeka na nyuzi zake za kushikia nati zimelala. Akailazimisha kwa spana. Ikapanda nusu, kisha ikaanza kuzunguka bure, haishiki kitu.

Alikaa chini muda mrefu, spana mkononi. Halafu alikata kipande cha waya wa kufungia nondo, akaizungushia nati, akakaza kwa koleo. Alirudisha gurudumu, akashusha jeki, akamwomba mkewe alizungushe gari uani. Likageuka kulia, likageuka kushoto, kimya kabisa.

"Baba Niwaeli, limekuwa tayari?" Namsifu aliuliza kupitia dirishani.

"Tayari," alisema.

Jumapili kanisani, mwinjilisti aliwataja wote wawili kwa majina. Akasema hawa wamelitoa gari lao kwa ajili ya uhai wa mwenzao. Watu waliitikia. Mama mkwe wa Nakundwa, Bi Elimina, alivuka kati ya mabenchi akamshika Eliakunda mikono yote miwili. Eliakunda alitazama chini. Alijiambia, nitamwambia Namsifu tukifika nyumbani. Nyumbani palikuwa na wageni. Akajiambia, jioni. Jioni Namsifu alikuwa akiimba huku akitandika godoro nyuma ya pikapu ili Nakundwa ajilaze, na Eliakunda hakupata pa kuanzia. Tena, alijiambia, waya ule ni mgumu.

Jumatatu alfajiri wakaondoka: Namsifu kwenye usukani, Nakundwa amejilaza kwenye godoro, Bi Elimina amekipakata kichwa chake. Eliakunda alibaki uani akisikiliza. Alisikia gari likipunguza mwendo kwenye kona ya kwanza, kisha likiongeza. Kwenye kona ya pili alitia mkono mfukoni. Akapiga simu. Simu ya Namsifu ikalia palepale nyumbani, juu ya meza ya jikoni.

Ndipo akakimbia. Barabara ile huuzunguka mlima kona baada ya kona, lakini ipo njia ya miguu ya wakata majani, inayoshuka moja kwa moja na kuikata barabara chini ya korongo. Aliishika hiyo. Alianguka mara mbili. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, hakukirudia. Kila alipolisikia gari alishukuru kwamba bado linasikika, na kila liliponyamaza nyuma ya mlima alizidi kukimbia. Alitokea barabarani likiwa linaikaribia kona ambayo upande wake mmoja hauna kitu, ni hewa tu mpaka bondeni. Akasimama katikati, mikono ameitanua.

Namsifu akafunga breki. Vumbi likawafunika.

"Zima gari," alisema Eliakunda. "Nati haijashika. Niliiharibu mwenyewe juzi, nikakwambia tayari."

Namsifu alishuka, akapiga magoti kwenye changarawe, akachungulia nyuma ya gurudumu. Waya haukuwapo. Nati haikuwapo. Pini ilikuwa imekaa tundulini kwa kubana tu. Akausukuma ule mkono wa chuma kwa kidole, nao ukaanguka.

Bi Elimina alimtazama Eliakunda kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Baada ya muda likaja lori la nyanya. Dereva aliwashusha utingo wake wawili wapande juu ya makreti, Nakundwa na mkwewe wakakaa mbele. Mtoto alitolewa kabla ya adhuhuri, wa kike, akiwa hai, na mama yake akiwa hai.

Mume na mke walibaki na gari, wamekaa ukingoni mwa barabara wakimngoja Mbwambo. Jua lilikuwa limepanda Namsifu alipofungua kinywa.

"Jana uliposhikwa ile mikono, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Mbwambo alikuja na pini mpya, akaifunga, akawapa nati waikaze wenyewe. Lakini tangu siku ile, kabla ya kuwasha gari, Namsifu aliinama kwanza akakagua kwa mkono wake mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa hasira. Eliakunda alisimama kando, akangoja mpaka amalize. Ikapita miaka kabla ya asubuhi moja ambapo Namsifu aliingia garini bila kuinama, na Eliakunda akarudi ndani akalia.

Nanyi mnaonisikiliza, mimi siwaulizi mmeharibu nini, maana kila mwenye mikono huharibu. Nawauliza hivi: ni nani sasa hivi anateremka mlima akiliamini neno lenu, na ninyi bado mmesimama uani?