Kwaya Humficha Bubu

“Kwaya humficha bubu,” alisema Bibi Nakijwa, na wajukuu wakaacha kupukuchua mahindi. Walitaka kujua maneno hayo yalizaliwa wapi. Akawasimulia hivi.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na uwanja wa shule ya mlimani ulikuwa umefurika watu. Siku hiyo shule ya mlimani ilishindana Kiingereza na shule ya bondeni. Mshindi angekwenda Moshi kuiwakilisha tarafa nzima, na Mbonea wa darasa la sita alikuwa ameshaazima viatu vya safari.

Mwalimu Senkondo alimchagua kwa sauti yake. Darasani, wingi wa nomino za Kiingereza zinazoishia na o ulifundishwa kwa kuimba, kwa kuwa nyingine huongezewa es na nyingine s tu. Mwalimu akisema “potato”, darasa zima huitikia “potatoes!” Akisema “piano”, huitikia “pianos!” Hapakuwa na aliyemshinda Mbonea kwa kuitikia. Ila alikuwa na mtindo wake: aliwaacha wenzake watangulie kidogo, akaudaka mwisho wa neno vinywani mwao, kisha akaupaza kuliko wote. Hata yeye mwenyewe aliamini kwamba anajua.

Zamu yake ilipofika, ngoma zikanyamaza. Alisimama peke yake, kifua mbele.

“Hero,” akasema mwamuzi.

Mbonea akavuta pumzi, akangoja wenzake waanze. Hakuna aliyeanza. Mabenchini walikuwa wamejiziba midomo kwa viganja, maana ambaye angenong’ona angeiponza shule.

“Tunakusikiliza, bwana mdogo,” akahimiza mwamuzi.

“Nasema, mwalimu. Nasema sasa hivi.”

“Sema basi!” wakapiga kelele wa bondeni. “Au umemeza ulimi pamoja na chai?”

Kimoyomoyo alijaribu mwisho mmoja, akajaribu wa pili. Yote miwili ikamlia sawasawa. Kengele ikagongwa.

Neno likahamia kwa Nambua, msichana wa bondeni.

“Heroes!” akajibu kabla mwamuzi hajamaliza kumgeukia.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wa bondeni wakambeba Nambua mabegani, wakamzungusha.

Mwalimu Senkondo alimkodolea macho mwanafunzi wake. “Mbonea, mbona darasani wewe ndiye unayetutoboa masikio?”

“Darasani tunakuwa wengi, mwalimu.”

Shangazi yake Mbonea, aliyekuja kumshangilia, akajipiga paja kwa mshangao.

“Kumbe!” akasema. “Kwaya humficha bubu.”