Fundi Aliyerudi Nyuma Kuitazama Lipu Yake

Hapo zamani, wala si zamani sana maana kiuno bado kinaniuma, palikuwa na fundi lipu mwenye majivuno kuliko jogoo. Msimtafute mbali. Ni mimi.

Tulikuwa tunajenga nyumba ya ghorofa, na mke wangu Mize alikuwa na mimba ya kwanza. Asubuhi moja nilimkuta Ngwali, mfunga jukwaa, akikaza mrunda, ule mti wa kuzuia watu wasianguke ukingoni mwa jukwaa.

"Unajenga zizi?" nikamcheka. "Kwani mimi ng'ombe?"

"Ng'ombe angenisikia, fundi," akasema, akaendelea kufunga.

Juu nikamkuta mwenzangu Masudi ameshika mkanda wenye kamba. "Vaa."

"Mkanda wavae wanagenzi!"

Akanivalisha kwa nguvu huku namtukana, kamba akaifunga kwenye nguzo ya zege.

Basi nikapiga lipu, ikanyooka mpaka nikajipenda. Nanyi mwaujua ugonjwa wa mafundi lipu: ukimaliza, lazima urudi nyuma uitazame. Nikarudi. Nikajisifu. Nikarudi tena.

Mgongo ukaugonga mrunda wa Ngwali. Mti ukanizuia kidogo, kisha ukakatika. Nikaanguka. Kamba ya Masudi ikanidaka, nikaning'inia kichwa chini miguu juu, mwiko mkononi, na kamba yenyewe inachanika kwenye ukingo wa ubao. Faki, kibarua wa zege, akatupa ndoo, akajitokeza dirishani nusu ya mwili, akanishika mguu, akanivuta ndani. Nililia waziwazi. Niliogopa mwanangu angezaliwa yatima.

Sasa mtoto amezaliwa, wa kiume, na Mize ameapa ataitwa jina la aliyeniokoa.

Ngwali akasema, "Bila mrunda wangu ungeshuka kwa kishindo, kamba ikakatika palepale."

Masudi akasema, "Bila kamba yangu, Faki angekuokota chini kwa beleshi."

Faki akasema, "Bila mkono wangu, hiyo kamba na huo mrunda vingekusindikiza kaburini."

Nami nikadokeza kwamba hata mimi nastahili, kwani mwiko sikuuachia.

Mize akanitazama weee. "Wewe shukuru tu kwamba yupo wa kuitwa baba."

Kesho mtoto ananyolewa nywele, na jina ni moja tu. Enyi wasikilizaji, akili yangu mmeshaiona ilivyo, kwa hiyo nawaachia ninyi. Je, nani anastahili: mwanangu aitwe Ngwali, Masudi au Faki?