Mgongo wa Mama Tumsifu

Ndugu zangu, palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa watu, mwenye migomba mizuri na bustani ya mboga chini bondeni. Msianze kuangaliana. Huyu nimemtunga mimi, ingawa huenda mkamfahamu.

Jumamosi moja alitembelewa na wazee wenzake wawili, waliokuja kupanga sikukuu ya mavuno. Mkewe, Mama Tumsifu, alikuwa ameshuka bustanini tangu asubuhi kupalilia na kuchuma mchicha wa kuwapikia. Kule bondeni kuna majimaji, na mvua zilikuwa zimekatika juzi tu. Mnawajua usubi wa majira hayo. Humwoni akitua, unamjua akishakuuma. Walimwingia shingoni, wakateremka mgongoni, maana blauzi ilipanda kila alipoinama. Alirudi ngozi imevimba mabaka mabaka, inawaka moto.

Akaoga maji ya baridi, akakata jani la mshubiri nyuma ya jiko, akajipaka ute wake mikononi na shingoni. Mgongo haukufikika. Akatoka barazani, akamwinamia mumewe sikioni, akamwomba aingie ndani mara moja ampake.

Yule mzee akaona macho ya wageni. Angenyanyuka tu, nani angemuuliza? Lakini alicheka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Tumsifu, tangu lini mzee wa kanisa akawa mkandaji?"

Wageni nao wakacheka. Mama Tumsifu akatabasamu, tabasamu la mtu asiyejua auweke wapi uso wake, akaingia ndani. Chakula kikaja, kikaliwa, kikasifiwa.

Wageni walipoaga, mzee aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi kwa njia ya zizini. Hapo ndipo alipomwona mkewe. Alikuwa amejibanza kwenye nguzo ya jiko, amefumba macho, anajisugua mgongo juu chini, juu chini. Blauzi ilikuwa imeingia damu.

Ndugu, ni nani mnayemwona akijisugua hivyo kwenye nguzo? Hata yule mzee alijiuliza, na jibu lilikuwa mbele yake, zizini. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa anacheua, ametulia tuli. Wiki ileile mzee alikuwa amemkagua kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya masikio mpaka chini ya mkia, akamtoa kupe, akampaka dawa. Ng'ombe hakumwomba. Na wapita njia walipomsalimu akiwa ameshika mkia ule, hakuona haya hata kidogo.

Uso ukamwiva. Akakata jani la mshubiri, akamsogelea mkewe, akamwambia ageuke ampake.

Mama Tumsifu akavuta kanga akafunika mabega. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Nimeshajipaka mkono ulipofika, Baba Tumsifu," akasema. "Palipobaki nimepazoea."

Akaenda kuosha vyombo. Mzee akabaki amesimama, ute unamchuruzika vidoleni, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliutazama mgongo wa mke wake. Hakukumbuka.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tunaojua kuombea wagonjwa kwa sauti kubwa, sisi tunaoitwa mbele kusoma somo. Nyumbani kwako ni nani aliyekuwa akikuomba kitu kidogo, na siku hizi haombi tena? Nawe ukasema moyoni, afadhali, nyumba ina amani. Ndugu yangu, ile si amani. Ni mtu aliyepazoea.

Wengine wetu tutatoka hapa mbio kwenda kutengeneza tulipoharibu, na tutakataliwa, na tutakuwa tumestahili. Tusikasirike. Tuwaombe tena kesho, kwa upole, huku aibu ikitufundisha.

Leo sitawasimamisha tuimbe. Tukae kimya kidogo, kila mmoja amtaje moyoni mwake yule aliyeacha kumwomba.